Kifua cha Mkwe

Saa nne asubuhi, mbele ya vijana mia mbili waliovua mashati, sajini wa polisi alitangaza kwamba kifua cha mkwe wa fundi cherehani kina sentimita sabini na tisa. Zilizotakiwa ni themanini na moja. Karani aliyeketi chini ya turubai akagonga muhuri wa HAFAI kwenye fomu, akaupuliza wino ukauke, kwa uangalifu ambao ofisi za umma huutunza kwa ajili ya karatasi tu, kisha akaikabidhi fomu kwa mwenyewe.

"Vaa shati lako, kijana," alisema sajini. "Unazuia foleni."

Mkwe alivaa shati. Alikuwa amekwisha kukimbia kilomita tatu na kumaliza wa sita, alikuwa amepiga pushapu hamsini na mbili pale zilipotakiwa thelathini, na mtihani wa kuandika aliufaulu wiki mbili kabla. Nyuma yake alisimama bwana mmoja mnene aliyemaliza mbio zilezile kwa kutembea, zikiwa zimesalia sekunde nne. Kifua cha bwana huyo kilipimwa kikawa tisini na sita. Sajini alimpigia saluti ya utani. Serikali ilikuwa imepata kifua.

Nyumbani, chumba cha mbele kilikuwa ndicho kiwanda. Kilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia iliyochakaa pembeni kwa kuegemewa na matumbo ya wateja, na mlango uliotazama barabara. Fundi alikuwa akitengeneza upindo wa suruali ya mwalimu mkuu. Alikuwa na pini nne mdomoni.

"Nimekosa, baba," alisema Mkwe mlangoni.

"Mmekosana na nani?"

"Hapana. Nimekosa kazi. Kifua hakikutosha."

Fundi alizitoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini. Aliona jambo hili linahitaji mdomo mzima.

"Hakikutosha nini?"

"Nina sabini na tisa. Wanataka themanini na moja."

"Nani kapima?"

"Sajini."

"Huyo sajini ni fundi?"

"Ni sajini, baba."

Fundi alivuta droo na kutoa daftari lenye jalada jeusi. Alilifungua kwenye ukurasa wa mwaka uliopita, akaweka kidole chini ya mstari mmoja. Pale paliandikwa vipimo vya suti ya harusi: bega, mkono, kiuno, paja. Kifua, themanini na tatu. Kwa mtu aliyeshona suti kwa miaka thelathini na moja, huo haukuwa mwandiko tu. Ulikuwa neno lake.

"Kwa hiyo amepungua sentimita nne akiwa ndani ya nyumba hii," ilisema sauti kutoka ukumbini.

Hiyo ilikuwa sauti ya Bi Mkubwa, mke wa Fundi, mfuaji wa mashuka ya hospitali, ambaye siku hiyo alikuwa na zamu ya mchana na kwa bahati mbaya alisikia kila kitu. Alitokeza akiwa na sahani mkononi.

"Watu watasema simlishi," alisema. "Mtoto wa watu ameingia hapa na themanini na tatu, mwaka mmoja tu, amebaki na sabini na tisa. Nitaficha wapi uso wangu?"

"Hajapungua," alisema Fundi. "Simama hapa, mkwe."

Akaishika tepu iliyokuwa ikining'inia shingoni mwake tangu asubuhi, akaizungusha kifuani kwa Mkwe, akaikutanisha kwa mbele, mkono wa kushoto ukiwa mahali ulipozoea kuwa kwa miaka yote hiyo. Akasoma. Akasoma tena kwa kuvaa miwani.

"Themanini na tatu," alisema. "Hawa watu wamemdhulumu."

Mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Bi Mkubwa alimpa ile sahani.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Tangazo la ajira lilisema mwombaji awe hajatimiza miaka ishirini na sita, na Mkwe angeitimiza baada ya wiki tisa. Ajira hutangazwa mara moja kwa mwaka. Nafasi hiyo ikimpita, angebaki mlinzi wa ghala la saruji, kazi ambayo malipo yake hayakuwahi kutosha kupanga hata chumba kimoja. Kwa sababu hiyo yeye na mke wake, mwalimu wa chekechea na mtoto pekee wa nyumba hiyo, walilala katika chumba cha nyuma ambamo Fundi alitundika nguo zilizokwisha. Kila alipoamka, mwanamume huyo alijikuta amezungukwa na suti za wanaume wengine. Hakuna aliyemsimanga kwa hilo. Ndiyo sababu lilimuuma zaidi.

Mwalimu aliisoma fomu mbele na nyuma, kama alivyozoea kusoma barua za wazazi.

"Hapa chini wameandika kwamba mtu anaweza kukata rufaa ndani ya siku saba," alisema.

"Kwa nani?" aliuliza mume wake.

"Kwa haohao waliokupima."

Rufaa iliandikwa, ikapelekwa, na ikajibiwa kwa mistari miwili: kipimo kilifanyika kwa kuzingatia kanuni, na ofisi inamtakia mwombaji kila la heri. Wakati huo habari zilikuwa zimekwisha kuenea mtaani, kwa kuwa kijana mmoja wa jirani alikuwa kwenye foleni ileile. Muuza duka wa kona, mtu asiye na ubaya ila asiye na kazi ya kutosha, alimpa Mkwe jina jipya.

"Sabini na Tisa! Pita basi, sukari imeshuka!"

Mkwe alicheka pamoja na wenzake, akanunua sukari ambayo hakuitaka. Fundi aliyaona hayo kutoka kwenye cherehani yake. Jioni hiyo alifunga kiwanda mapema, akalifunga daftari jeusi kwenye kitambaa safi, akaenda nalo kwenye ofisi ya msaada wa sheria iliyo ghorofani, juu ya duka la vioo.

Wakili wa ofisi hiyo alikuwa mwanamke kijana ambaye Fundi aliwahi kumfupishia joho. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Fundi alilichukua kuwa dalili ya elimu.

"Mzee, unajua tunakwenda Mahakama Kuu?" aliuliza Wakili. "Siyo kumshtaki sajini. Tunaomba mahakama iupitie uamuzi wenyewe, ione kama ulikuwa wa haki."

"Haki ipo humu," alisema Fundi na kuliweka daftari mezani.

"Nani atasema kwamba hiki ni kipimo sahihi?"

"Mimi."

"Wewe ni baba mkwe."

"Mimi ni fundi. Ukwe umekuja baadaye."

Wakili alilitazama daftari, kisha akamtazama mwenye daftari. Kesi alizozizoea zilikuwa na ushahidi mbaya kuliko huo. Aliandika kiapo, na katika aya ya tatu Fundi akaapa kwamba yeye ni mtaalamu wa kupima vifua vya binadamu. Alikisaini kwa herufi kubwa.

Kesi ilitajwa, ikaahirishwa kwa kuwa jalada halikuonekana. Ikatajwa tena, ikaahirishwa kwa kuwa jalada lilionekana lakini wakili wa serikali hakuonekana. Wiki tano zilikwisha hivyo. Siku ya kusikilizwa, familia nzima iliketi kwenye benchi la tatu. Bi Mkubwa alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Mwalimu alikuwa amewaacha watoto arobaini na moja na msaidizi aliye na kikohozi. Mkwe alivaa ile suti ya harusi, kwa ushauri wa baba mkwe wake, aliyeamini kwamba suti hiyo ingejieleza yenyewe.

Wakili wa serikali alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Koti lake lilikuwa na kasoro begani, na Fundi, aliyeitwa kizimbani ili ahojiwe juu ya kiapo chake, alijitahidi kutolitazama.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Umepima vifua vingapi maishani mwako?"

"Sihesabu vifua. Nahesabu suti. Zimepita elfu nne."

"Hongera. Na kifua cha huyu mleta maombi?"

"Themanini na tatu."

"Utaweza kutuonyesha ulivyompima?"

Wakili wa familia aliinuka ili apinge, lakini Fundi alikuwa amekwisha kuichomoa tepu shingoni. Alikuja nayo mahakamani kama wengine wanavyokuja na tai. Mkwe aliitwa mbele, akavua koti, akasimama na shati lake jeupe. Jaji, mama wa makamo aliyeonekana kuchoka tangu kabla ya kesi kuanza, aliinua kichwa. Tepu ikazungushwa, ikakutanishwa kwa mbele.

"Themanini na tatu," alitangaza Fundi.

"Baki hivyohivyo, mzee. Usiutoe mkono. Mheshimiwa Jaji, naomba mahakama iutazame mkono wa kushoto wa shahidi."

Mahakama iliutazama. Kati ya tepu na kifua cha Mkwe palikuwa na vidole viwili, vimelala pale kwa raha zao.

"Hivyo vidole ni vya nani, mzee?"

"Vyangu."

"Vinafanya nini hapo?"

Fundi alivitazama. Ilikuwa kweli kwamba hakuwa ameviona kwa muda mrefu sana.

"Hiyo ni nafasi," alisema.

"Nafasi ya nini?"

"Ya mtu kuwa ndani ya nguo. Ukimshonea kifua chake kama kilivyo, akila hafungi kifungo. Kila fundi anaweka vidole viwili."

"Kwa hiyo daftari lako lina ukubwa wa mtu au ukubwa wa koti?"

Watu walianza kucheka. Karani wa mahakama alijikohoza ili kuficha kicheko chake. Ndipo tu Fundi alipogundua kwamba kurasa zote za daftari lile, na za madaftari mengine kumi na saba yaliyo kabatini, zilikuwa na makoti matupu.

"Tafadhali vitoe," alisema wakili wa serikali, bado kwa upole.

Fundi alivitoa. Tepu ikashuka na kulala kifuani. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa karibu kiasi cha kuziona zile tarakimu. Wakili wa serikali alikuwa hatua tano, Jaji alikuwa juu. Neno lolote ambalo Fundi angelisema lingeandikwa. Alizitazama tarakimu muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Sabini na tisa," alisema.

Kwenye benchi la tatu Bi Mkubwa alifumba macho. Wakili wa serikali aliinama kwa heshima, akasema hana swali zaidi, akaketi. Wakili wa familia alikuwa akitafuta kitu katika karatasi zake ambacho hakikuwamo.

"Mzee, usiondoke," alisema Jaji. "Usiiondoe hiyo tepu. Naona inasogea."

"Anapumua, mheshimiwa."

"Ndivyo ninavyoona. Uliposoma sabini na tisa, alikuwa amevuta pumzi au ameitoa?"

"Ameitoa yote. Alishtuka."

"Mwambie avute."

Mkwe alivuta pumzi. Tepu ilitembea kwenye vidole vya Fundi, ikasimama.

"Themanini na moja," alisema Fundi, na ukumbini pakapita mnong'ono. Kisha, bila kuulizwa na mtu yeyote, akaongeza: "Lakini amevaa shati, mheshimiwa. Shati lina lake."

"Lake kiasi gani?"

"Kwa kitambaa hiki, nusu sentimita."

Wakili wake mwenyewe alimtazama kwa macho ya mtu aliyeibiwa mchana. Jaji aliandika, akaweka kalamu chini.

"Ninyi mafundi hupima mtu pumzi ikiwa wapi?"

"Sisi hatumpimi mtu akiwa amenyamaza, mheshimiwa. Ninamuuliza habari za kwao. Watoto hawajambo? Paa limeacha kuvuja? Anapojibu kifua kinakwenda na kurudi, nami nachukua cha katikati. Mtu anayejua kwamba anapimwa ni mwongo. Mnene anajikaza, mwembamba anajivimbisha."

"Wakili wa serikali," alisema Jaji, "kanuni yenu inasema kifua kipimwe pumzi ikiwa wapi?"

Wakili wa serikali aliinuka, akafunua kurasa, akarudi nyuma, akafunua tena.

"Kanuni inasema 'kifua kisichopungua sentimita themanini na moja', Mheshimiwa."

"Nimeisoma. Naulizia pumzi."

"Kuhusu pumzi, kanuni iko kimya."

"Na sajini aliyepima yupo?"

Sajini alikuwapo. Alisimama kwenye benchi la nyuma, kofia kwapani.

"Wewe huwapima vipi? Pumzi ndani au nje?"

"Inategemea, Mheshimiwa."

"Inategemea nini?"

Sajini alikuwa mtu mkweli, na hakuwa ameandaliwa kwa swali hilo.

"Foleni, Mheshimiwa."

Uamuzi ungetolewa baada ya wiki tatu.

Fundi hakurudi na wenzake. Alizunguka njia ndefu nyuma ya shule, akafika nyumbani wa mwisho, na hata hivyo muuza duka wa kona alikuwa amemtangulia kwa habari.

"Vidole Viwili! Mzee wetu! Ukinipimia suruali, hata mimi nihesabie vizuri!"

Fundi alimpungia mkono, akaingia, akakaa kwenye cherehani, akaanza kufumua mshono ambao haukuwa na kosa lolote. Mkwe alimkuta hivyo. Alikuwa amekwisha kuvaa sare za ulinzi, na alikuwa na saa moja kabla ya zamu.

"Baba."

"Kaa."

Mkwe aliketi kwenye stuli ya wateja. Nje, mtu alipita akisukuma baiskeli inayolia.

"Nimekuharibia kesi," alisema Fundi.

"Hujaiharibu."

"Miaka thelathini na moja. Kumbe sijui mtu hata mmoja ana ukubwa gani."

"Lakini suti zote zimewaenea, baba."

"Halafu la shati. Nani aliniuliza habari za shati?"

"Hakuna."

"Mwanangu wa kike hataki kusema na mimi."

"Anasema. Anatafuta namna ya kuanza. Alicheka njia nzima, sasa anaona haya."

Fundi aliendelea kufumua. Mkwe alijikohoza.

"Mimi nilivihisi," alisema.

"Ulihisi nini?"

"Vidole. Siku ile uliponipima hapa. Nilivihisi kabisa."

Fundi aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Ukanyamaza?"

"Ningesemaje, baba? Samahani, baba mkwe, naomba uondoe vidole vyako kifuani kwangu?"

Fundi alilifikiria swali hilo kwa uzito wake. Akajaribu kupata jibu la heshima.

"Ungekohoa," alisema.

"Tena, sikutaka uviondoe." Mkwe aliitazama kofia yake ya ulinzi, akaizungusha kwenye goti. "Huko kwingine kote wananipunguza."

Fundi alitafuta pini mezani, akazipata, akaziweka zote mdomoni ingawa hakuwa na kitu cha kubana. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kulazimishwa kujibu. Mkwe aliaga, akaenda ghalani.

Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kukaa na huzuni isiyo na kazi. Nusu sentimita ilikuwa imetajwa mahakamani, mbele ya watu, na yeye aliichukua kama deni la jikoni mwake. Siku ya pili alirudi kutoka hospitali na maelekezo aliyopewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mtu ambaye kazi yake ni kuwarudishia pumzi waliofanyiwa upasuaji.

"Huyo bwana anasema kifua kinafundishika," alitangaza wakati wa chakula. "Mbavu zina bawaba kama mlango. Zisipofunguliwa zinashika kutu. Asubuhi mara ishirini, jioni mara ishirini. Unavuta, unashika, unahesabu kumi, unaachia polepole."

"Mama, sina hata uhakika kama watanipima tena," alisema Mkwe.

"Jaji ataamua yake. Mimi nimeamua yangu. Vuta."

"Sasa hivi? Nina tonge mdomoni."

"Meza, halafu vuta."

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi, atokapo zamu, Mkwe alisimama katikati ya chumba cha nyuma akajaza kifua, huku Mwalimu akihesabu kwa sauti ileile aliyoitumia chekechea, na suti zilizotundikwa zikitikisika kidogo kila alipoachia. Bi Mkubwa alisikiliza nyuma ya mlango, akigonga palipokuwa na uvivu. Fundi hakuthubutu kupima. Mara mbili aliombwa, na mara zote mbili alisema ana kazi ya haraka. Katikati ya wiki ya pili Mkwe alitimiza miaka ishirini na sita. Hakuna aliyeitaja siku hiyo, ingawa kila mmoja, kwa wakati wake na bila kumwambia mwenzake, alimletea soksi.

Uamuzi ulikuwa na kurasa kumi na tisa. Wakili aliwasomea yaliyo muhimu wakiwa wamesimama kwenye korido, kwa kuwa mabenchi yalikuwa yamejaa watu wa kesi ya shamba. Jaji alisema kwamba kipimo ambacho mtu anacho sasa na hana baada ya sekunde tatu si kigezo. Ni bahati nasibu. Alisema kwamba serikali ina haki ya kutaka askari wenye vifua, lakini ina wajibu wa kueleza ni vifua vinavyofanya nini. Uamuzi wa kumkataa mleta maombi ulifutwa. Yeye na wengine thelathini na wanane waliokataliwa kwa kifua wangepimwa upya ndani ya siku kumi na nne, na daktari, kwa tepu laini, bila shati, pumzi ikiwa imevutwa yote. Umri ungehesabiwa kama ulivyokuwa siku ya kuomba kazi.

"Kuhusu shahidi fundi," Wakili alisoma, "ushahidi wake juu ya ukubwa wa kifua haukubaliki. Ushahidi wake juu ya pumzi umekubaliwa wote."

"Soma tena hapo," alisema Fundi.

"Ushahidi wake juu ya ukubwa—"

"Siyo hapo. Pale pa mwisho."

Wakili alisoma tena pale pa mwisho. Fundi alitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia jambo alilokuwa akilijua.

Mwalimu peke yake ndiye aliyebaki na uso wa kazi. Alikuwa amepiga hesabu tangu siku ile ya mahakama: themanini na moja na shati, yaani themanini na nusu bila shati.

"Tumeshinda haki ya kupimwa," alimwambia mume wake. "Bado kupimwa."

Uwanja ulikuwa uleule, na turubai lilelile, na karani yuleyule na wino wake. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Walijipanga nje ya uzio wa waya, familia thelathini na tisa, kila moja ikijifanya haitazami nyingine. Bi Mkubwa alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu, akinuka sabuni ya hospitali. Mwalimu alishika waya kwa mikono miwili. Fundi alisimama nyuma yao kidogo. Alikuwa ameiacha tepu nyumbani, kwa mara ya kwanza katika siku ya kazi, na mkono wake ulikuwa ukiitafuta shingoni bila kumwomba ruhusa.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu aliyefanya kazi bila maneno mengi. Wa kwanza alipita. Wa pili alipita. Wa tatu, kijana mwenye shingo nyembamba, alirudi kulichukua shati lake, na nje ya uzio mama mmoja akaketi chini palepale alipokuwa amesimama. Baada ya hapo hakuna aliyejifanya hatazami.

"Kumi na nne!" aliita karani.

Mkwe alisogea mbele, akavua shati. Kutoka pale waliposimama alionekana mwembamba kuliko alivyo, na mbavu zake zilihesabika.

"Mungu wangu, nilimpa chai tu," alinong'ona Bi Mkubwa.

Daktari alizungusha tepu, akapitisha kidole kimoja chini yake kuhakikisha haijajikunja, akakitoa. Fundi alikiona kile kidole kikitoka. Alikubali kwamba mwanamke huyu anaijua kazi.

"Vuta pumzi," alisema Daktari. "Vuta. Vuta tu. Haya, shika."

Mkwe alishika. Daktari aliinama karibu na tepu. Alikaa hapo kwa muda ambao Mwalimu baadaye angeapa kwamba ulikuwa dakika nzima na ambao haukuzidi sekunde tano. Kisha akamwambia karani kitu kwa sauti ya chini, na karani, ambaye kazi yake ilikuwa kurudia kwa sauti kila alichoambiwa, akarudia.

"Themanini na moja nukta tatu! Anafaa! Kumi na tano!"

Muhuri uligongwa. Mwalimu aliuacha waya, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akacheka, akajifuta tena. Bi Mkubwa alimkumbatia mwanamke wa familia nyingine ambaye hakumjua. Namba kumi na tano alikuwa amekwisha kuanza kuvua shati, na Daktari alikuwa amehamia kwake.

Lakini Mkwe hakuondoka. Alibaki amesimama wima, mikono mbali na mwili, macho yamemtoka, kifua kimejaa vilevile kilivyosomwa. Aliambiwa avute na aliambiwa ashike. La tatu hakuna aliyelisema, na huyu sasa alikuwa mtu wa kufuata amri. Bi Mkubwa alimwona. Akageuka amwonyeshe mume wake, akamkuta naye amesimama nyuma yake, mashavu yamevimba, shingo imekakamaa, akimtazama mkwe wake kupitia kwenye waya.

"Pumueni!" alipiga kelele. "Pumueni, nyote wawili! Wameshaandika!"